Gitaa Lako Halikuwa Bovu

Baba,

Nimepiga gitaa mbele ya watu. Nimeimba pia. Si kwenye ghala letu la mahindi, ila dukani, mjini Nairobi, mchana kweupe, watu wamesimama wananitazama. Hakuna mtu mwingine niliyemwambia. Mama hajui. Senge, dada yako, ambaye nimekaa kwake Kangemi tangu Januari, hajui. Nakuambia wewe kwanza kwa sababu ulinibembeleza mara nyingi nipige walau mbele ya Mama, na kila mara nilikataa, nikajifanya naenda kuangalia ndama.

Nimechelewa kukuandikia. Baada ya mazishi, kila nilipoandika "Baba" kwenye karatasi mkono ulisimama hapo hapo. Sasa hausimami. Sasa nina hasira, na nimegundua kwamba hasira inasaidia kuandika.

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Chai yako inachumwa. Mama anachuma mistari yake na yako, na nikiwa nyumbani mimi nachukua ile ya chini karibu na mto, ile uliyokuwa ukisema ina nyoka ili watoto wa jirani wasipite hapo. Sijaona nyoka hata mmoja. Mdogo wangu Kiprono yuko darasa la tatu na ameanza kutembea kama wewe, mikono nyuma, kama mzee wa kamati. Watu wakicheka, Mama anaingia jikoni. Na mimi, mtu akikohoa barabarani asubuhi, bado nainua kichwa.

Lakini sikuandika kwa ajili ya hayo. Nimeandika kwa sababu ya gitaa.

Unajua siku ya kugawa vitu vya marehemu inavyokuwa kwetu. Tulipomaliza kunyolewa nywele, ndugu zako walikaa kwenye nyasi, na vitu vyako vikatolewa nje kimoja kimoja. Koti lilienda kwa Baba mdogo Kibet. Redio ilibaki kwa Mama. Gitaa lilipotolewa nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Baba mdogo alilishika shingoni kama mtu anavyoshika kuku, akasema litakaa kwake mpaka Kiprono awe mwanaume. Mzee mmoja akatania, "Si umpatie huyu msichana? Nasikia vidole vyake ni vyepesi kwenye kuchuma chai." Wakacheka. Baba mdogo akasema, "Kitu cha nyuzi apewe msichana? Ataolewa na nani, na redio?" Wakacheka zaidi. Na mimi, Baba, nilizunguka nikiwapa chai. Hata sikumwaga.

Tulipokuwa tukiosha vikombe Mama alisema heri limeondoka. Alisema lile gitaa lilikula Jumamosi zake zote, wewe uko kwenye harusi Sotik, yeye yuko nyumbani na mtoto mgongoni. Mtoto wa mgongoni nilikuwa mimi, na nilipokua ukaacha harusi, Jumamosi hizo hizo ukanipa mimi.

Mama akishaenda sokoni Kaplong ulikuwa unaniita, "Chela, njoo tufunge ng'ombe." Hapakuwa na ng'ombe wa kufunga. Tulikuwa tunapanda ghalani, wewe unakaa juu ya debe, mimi juu ya gunia, na unaanza kuwaita ng'ombe wa babu kwa mpangilio waliokuwa wakiingia zizini zamani zile. Uzi mnene ulikuwa Chetui, yule mweusi. Wa pili Chepirir, mwekundu. Halafu Chesamo wa madoa, halafu Chelel mweupe. Wa mwisho, ule mwembamba, ulikuwa Moita, ndama. Ulimwita kila mmoja kwa sauti yake, ukakaza uzi au ukaulegeza mpaka uitikie. Ndivyo babu alivyofunga nyuzi za chepkong'o yake, kile chombo cha mti na ngozi alichopigia wanaume wenzake, na ndivyo ulivyofunga gitaa. Uzi wa sita uliutoa ukafungia mlango wa kuku. Ulisema babu hakuwa na ng'ombe wa sita.

Mimi nilidhani magitaa yote duniani yamefungwa hivyo. Hukuniambia. Hapo nakulaumu kidogo.

Mwezi wa nane Baba mdogo aliwaazima vijana wa kanisa lile gitaa. Unamkumbuka Weldon, yule kiongozi wa vijana anayevaa tai hata akienda kukamua. Jumapili moja alisimama mbele ya kanisa akaliinua juu, akasema, "Gitaa hili lilikuwa limeharibika sana. Nyuzi zilikuwa ovyo ovyo, hata moja ilikuwa haipo. Tumelirekebisha, Bwana asifiwe." Kanisa likasema amina. Mama akasema amina. Baba mdogo akasema amina kuliko wote, akiwa ndani ya koti lako.

Halafu Weldon akapiga. Mti niliutambua, ile alama ya kuungua karibu na tundu niliitambua, lakini sauti haikuwa yako. Chetui hakuwepo. Hakuna ng'ombe aliyekuwepo. Ilikuwa kama ile asubuhi nilipoona koti lako likitembea mbele yangu njia ya kwenda kituo cha kupimia majani, nikakimbia, mtu akageuka akawa Baba mdogo.

Tangu siku hiyo swali moja halikuniacha. Je, ulikuwa unakosea? Miaka yote hiyo, kwenye harusi zote hizo, watu walikuwa wanacheza kwa heshima tu, huku wanajua kwamba mtu huyu anapiga kitu kibovu? Na mimi, je, ulinifundisha makosa? Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Ningeuliza, ingebidi niseme nimejuaje nyuzi zilivyokuwa.

Mtihani wa kidato cha nne tuliumaliza Novemba. Senge alikuja Krismasi, na alipokuwa akirudi alinichukua nimsaidie kushona yunifomu wakati nangoja matokeo. Kila mtu alisema nitapotea Nairobi. Sikupotea. Barabara za Nairobi zimenyooka kuliko mistari yetu ya chai. Senge alikuwa akinituma mtaa wa Biashara kununua zipu na vifungo, na kutoka hapo kwenda kwenye maduka ya vyombo vya muziki si mbali. Hakunituma huko. Nilijituma.

Duka la kwanza lilikuwa na kioo kikubwa mbele. Mara ya kwanza nilisimama nje mpaka bawabu akaniuliza, "Wewe msichana, unangojana na nani?" Nikaondoka. Niliporudi nikajilazimisha kuingia. Baba, ungeona! Magitaa yalikuwa yamening'inizwa kwa shingo ukuta mzima, kama mahindi ya mbegu juu ya moshi, mekundu, meusi, mengine yanang'aa mpaka unajiona uso. Chini yake kibao kikubwa kinasema usiguse. Mama mmoja Mhindi, mwenye duka, akaniuliza kwa upole natafuta nini. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema gitaa. Nikasema zipu. Alicheka mpaka akashika meza, halafu akatoka nje mwenyewe kunionyesha duka la zipu ambako nilikuwa nimetoka kununua zipu. Nikamwambia asante, na nikaingia tena kwenye lile duka la zipu kwa sababu alikuwa bado ananiangalia.

Sitaki ucheke sana. Lakini najua unacheka.

Duka la pili ndilo ninalotaka kukueleza. Liko juu ghorofani, upande wa River Road, unapanda ngazi nyembamba. Huko magitaa mengi yameshatumika, yana mikwaruzo, na hakuna kibao cha kukataza. Muuzaji ni kijana wa Bungoma anaitwa Wafula. Vijana wawili walikuwa wamekalia spika, nadhani wako kwenye bendi, au wanataka watu wadhani hivyo. Wafula akasema, "Karibu siste. Unamtafutia boyi wako zawadi?" Nikasema kwa sauti ndogo kwamba nataka kusikiliza nyuzi tu. Akasema, "Sikiliza. Kusikiliza ni bure."

Alinipa la kwanza. Sikubonyeza popote, niligusa uzi mmoja mmoja, polepole. Ilikuwa sauti ya Weldon. Nikaomba lingine. Sauti ya Weldon. La tatu, lile lenye mikwaruzo mingi kuliko yote, ambalo nililitegemea kwa sababu lilifanana na lako: sauti ya Weldon. Mmoja wa wale vijana akamwambia mwenzake, "Cheki, anapima kama yameiva." Sikujali. Nilikuwa natazama ukuta. Baba, ukuta mzima ulikuwa upande wa Weldon.

Hata hivyo nikajaribu. Nikaweka vidole pale ulipokuwa ukiniwekea, nikaanza wimbo wako wa lile lori la majani lililokwama matopeni njia ya Sigowet. Ikatoka sauti ya sahani zinazoanguka. Wale vijana walicheka kwa nguvu, mmoja akashuka kwenye spika. Wafula hakucheka. Aliniuliza vizuri tu, kama mtu anayetaka kusaidia, "Kwani ni nani alikufundisha hivyo?" Akatikisa kichwa akasema, "Pole siste. Huyo alikudanganya."

Nikamrudishia gitaa. Nikashuka ngazi. Nilifika barabarani na mfuko wangu wa vifungo, na hapo nikasimama.

Alikudanganya. Wewe. Mtu ambaye hata uongo wa nyoka wa mtoni ulikushinda, ukasema wewe mwenyewe mbele ya jirani kwamba hakuna nyoka. Wewe uliyekohoa kifua kikiuma na bado unasema "rudia, Chesamo hajaingia," kwa sababu uzi ulikuwa umelegea kiasi ambacho mtu mwingine hasikii. Mtu anayekosea hasumbuki hivyo. Mtu anayekosea haoni tofauti kati ya uzi uliokaa na uzi ambao haujakaa. Nilisimama pale watu wakinipita, wengine wananigonga, na nikaona kwamba nimelizungusha swali langu vibaya. Nimekuwa nauliza magitaa ya dukani kama wewe ulikuwa sawa. Magitaa ya dukani yanajua nini? Hakuna aliyewahi kuyaita.

Watu wa kwetu wanasema mimi ni mpole. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Nilipanda zile ngazi tena.

Sikuomba, Baba. Nilinyoosha mkono kwenye ukuta nikachukua lile lenye mikwaruzo mwenyewe. Nikakaa kwenye kistuli bila kukaribishwa. Nikashika vile vijiti vya kukazia nyuzi, vile ulivyoviita masikio, nikaanza kuzungusha. Wafula akaruka. "Wewe! Wewe! Utakata waya!" Sikuacha. Nilimwita Chetui kimoyomoyo, lakini uzi hauwezi kuitika mtu ambaye hajatoa sauti, ulinifundisha hivyo. Kwa hiyo nikamwita kwa mdomo. Chetui. Wale vijana wakatazamana. "Anaita nani?" "Labda ni nyanya yake." Nikamwita Chepirir. Nikamwita Chesamo, nikamsubiri, maana yeye ndiye anayechelewesha wengine. Chelel akaingia bila shida.

Kwa Moita sauti ilikatika. Hapo ndipo ulipokuwa ukicheka siku zote, ukisema ndama huyu atanyonya mpaka kesho. Nilidhani sitaweza. Nikafuta uso kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, nikamwita tena, na uzi ukaitika.

Wafula alikuwa amesimama juu yangu, akauliza juu ya ule wa sita, "Na huyu?" Nikamwambia, "Huyo si wetu."

Halafu nikapiga.

Gitaa halikukataa. Hilo ndilo nililotaka ulijue, hata kama huna nafasi ya kusoma mengine. Lilitengenezwa nchi gani sijui, halijawahi kuona ng'ombe wala tope la Sigowet, na lilitoa sauti yako. Lori likakwama. Watu wakashuka. Wakasukuma. Na pale unapoingia ubeti wa dereva anayewalaumu wanawake kwa uzito wa vikapu, nikasikia mtu anaimba, na alikuwa mimi, kwa Kipsigis, na sauti haikuwa ndogo. Nilifumba macho, hilo nakubali. Lakini niliimba mpaka lori likatoka.

Gitaa lako halikuwa bovu. Kitu kilichoharibika huwezi kukibeba kichwani, ukakipeleka mji mwingine, ukakiweka kwenye mti mwingine, kikatoa wimbo ule ule bila kupungua. Ulikuwa na mpangilio wako, na mpangilio huo ulikuwa na baba yake. Weldon hakurekebisha kitu. Alifukuza ng'ombe watano akaleta wageni.

Usidhani kwamba walipiga makofi. Kijana mmoja alikuwa anagonga kwa mguu, nilipomtazama akaacha. Mwenzake akasema, "Hiyo ni kitu gani, ngoma ya jando?" lakini hakucheka. Wafula alijikuna shingo akasema, "Hiyo haiuziki, siste."

Nikasema, "Sikuja kuuza." Nilisema hivyo kwa sauti ambayo Mama anaitumia kufukuza mbwa wa watu. Hata mimi nilishtuka.

Akasema, "Basi rudisha vile ilikuwa." Na hapo, Baba, nikakwama kama lile lori. Sijui kurudisha. Ya kwao siijui, nimewahi kuifunga lini? Nikamwambia ukweli: "Ya kwenu siijui." Wale vijana wakaanguka kwa kicheko, Wafula akashika kichwa, halafu nikacheka na mimi, sikuweza kujizuia. Alikaa akaanza kukaza uzi mmoja mmoja huku ananung'unika kwamba leo ameamkia upande gani. Katikati ya kunung'unika akaniuliza, bila kuinua macho, "Kwenu ni wapi?"

"Bomet."

"Na huko Bomet wote wanafunga hivi?"

Babu hayupo. Chepkong'o yake ilioza kabla sijazaliwa. Wewe haupo. Gitaa lako linaimba la Weldon kila Jumapili. Nilitazama ule uzi wa Chetui ukipanda, ukipanda, mpaka akawa si Chetui tena.

Nikamwambia, "Ndiyo. Wote."

Wote ni mimi, Baba. Sikudanganya.

Sasa sikiliza nitakachofanya. Mwezi wa nne ni kumbukumbu yako. Baba mdogo amekwisha kupanga, kutakuwa na maombi kaburini na msalaba wa saruji, na vijana wa kanisa wataimba, na Weldon ataleta gitaa. Kabla hajaanza nitasimama. Nitaliomba mbele ya watu wote, mbele ya Baba mdogo na wazee waliocheka kwenye nyasi. Wakisema msichana hapigi, nitawaambia huyu amepiga tayari, na mkono haukukatika. Wakisema nitakosa bwana, nitawaambia huyo bwana anayeogopa nyuzi tano sina haja naye. Nitalegeza nyuzi za Weldon mbele ya Weldon. Nitawaita wote watano kwa mdomo, kila mtu asikie jinsi inavyofanywa, na mwenye masikio ajifunze hapo hapo bure. Wakininyima gitaa, nitaimba bila gitaa, na hapana yao haitanizuia kuliomba tena.

Na Kiprono nitamfundisha. Si mpaka awe mwanaume. Nikirudi tu. Jirani ana mabinti wawili, nao wakitaka nitawafundisha, na Mama akiuliza tunafanya nini huko ghalani nitamwambia aje aone. Nakuahidi hilo. Mpangilio wa babu hautazikwa mara ya tatu.

Naogopa, usidhani siogopi. Lakini niliogopa pia kwenye zile ngazi.

Sasa kuna jambo moja nakuomba. Mama aliniambia kwamba unamjia ndotoni. Anasema unakaa ukingoni mwa kitanda unampa habari za kila mtu, kama ulivyokuwa ukitoka sokoni. Nakujua. Wewe furaha ilikuwa haikai tumboni mwako hata hadi jioni. Ukimtembelea tena, mweleze habari za huko, muulize habari za chai, mbembeleze, lakini hili la duka la ghorofani usiliguse. Nataka alisikie mwenyewe, akiwa macho, kutoka kwangu, na aamue mwenyewe kama atasema amina.

Saisere, Baba. Pumzika vizuri. Tafadhali iwe siri yetu mpaka siku hiyo. Nyamaza kidogo tu. Nitasema mimi.

Binti yako,
Chelangat